Moyo Uliopiga Kwenye Kitanda Kitupu

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, ambayo ndiyo sababu mpaka leo nashika mkono wa mgonjwa kabla ya kutazama skrini. Kaa nikusimulie, na hiyo simu iweke pembeni kidogo; haitakimbia.

Nilikuwa msichana mwenye kujiamini kupita kiasi. Mimi na wenzangu tulikuwa na chumba chetu Katwe, mjini Kampala, juu ya mafundi vyuma, tukiunda mashine za kuonyesha mapigo ya moyo kwa vipande tulivyovichomoa kwenye mashine kuukuu. Wenzangu walishughulika na nyaya. Mimi niliandika draiva, ile programu inayokaa ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta na kuzungumza na kifaa kwa niaba ya wengine wote. Kifaa kikisema sabini na mbili, draiva ndiyo inayolifikisha neno hilo kwenye skrini.

Mashine yetu ya kwanza ilikwenda kwenye kliniki ndogo ya Old Kampala, jirani na nyumbani kwetu, na aliyefungwa nayo alikuwa babu yangu mzaa baba, mwalimu wa Kurani, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka. Babu hakuogopa kufa. Aliogopa kufa peke yake, bila mtu wa kumtamkia shahada sikioni, na alimwambia hivyo Shangazi Zuhura waziwazi. Basi shangazi akawa habanduki kitini, ameshika kifundo cha mkono wa baba yake kutwa nzima.

Sasa, mashine ilikuwa na kasoro. Kibanio kinachovalishwa kidoleni kilikuwa kikinyamaza kidogo, kisha kinarudi, na kila kikinyamaza kengele inalia. Sista wa zamu, mtu mpole kwa kawaida, akanisimamisha mlangoni, akaniita bibie kwa Kiganda.

"Nyabo, hii mashine yako inalia bure tu. Wagonjwa hawalali. Kama haiwezi nyamaza, mimi natoa."

Kuifungua na kutafuta ubovu kungenichosha, nami nilikuwa mvivu wa bisibisi. Nikaigusa draiva badala yake. Nikaiambia: kifaa kikinyamaza, rudia namba ya mwisho. Hilo si ajabu katika kazi yetu; vifaa vingi vina ila zake, na draiva huandikwa ivumilie. Ila sikuiambia irudie mpaka lini. Kengele ikakoma, sista akanishukuru, nami nikamtuma shangazi nyumbani akaoge na kulala kidogo. Nilimwambia mashine itamwangalia babu.

Niliporudi kliniki alasiri hiyo, adhana ilikuwa imemalizika punde msikitini kule kilimani. Wodi ilikuwa imetulia. Nyuma ya pazia la babu nilisikia mlio wa moyo, ti, ti, ti, sawasawa kabisa. Nikavuta pazia nimsalimie.

Kitanda kilikuwa kitupu. Kibanio kilikuwa juu ya shuka, kimejifunga chenyewe, hakina kidole ndani. Skrini ilisema sabini na mbili.

Niliogopa, mwanangu. Sababu niliijua, niliiandika kwa vidole vyangu hivi, na bado vinyweleo vilinisimama. Nikagusa shuka; lilikuwa limeshapoa. Mlio uliendelea, haukuharakisha wala haukulegea, moyo wa mtu asiyekuwepo. Nikakiokota kibanio nikakiweka mezani: sabini na mbili. Nikauchomoa waya wake kabisa. Sabini na mbili.

Hapo ndipo nilipoanza kumwita babu kwa sauti.

Tulimkuta bafuni, mimi na sista. Alikwenda kutawadha, miguu ikamwishia nguvu, akaketi sakafuni mgongo ukutani, bomba bado linamwagika, midomo imepauka. Alikuwa ameita mpaka sauti ikamkauka, na mlio wa maji ukaimeza. Sista alisema hakutoka pale mezani pake muda wote, na kwa kuwa alisikia moyo unapiga vizuri hakuona haja ya kuinuka. Sikuweza kumlaumu.

Tukamrudisha, tumemshika huku na huku. Penye pazia akasimama. Akatazama kitanda, akatazama skrini, akasikiliza.

"Mimi niko hapa," alisema taratibu. "Huyo aliyelala pale ni nani?"

Nilijikaza nikamweleza habari ya kifaa na kimya chake. Alinisikiliza hadi mwisho, huku ule mlio unaendelea mbele yetu.

"Mjukuu wangu, mwanafunzi akisahau aya akanyamaza, namsaidia. Akijaza maneno yake mwenyewe ili nisigundue, huyo ndiye ninayemsimamisha. Chombo chako kisipojua, na kiseme hakijui."

Aibu niliyoisikia siku ile sijaisahau. Kabla ya magharibi nilikuwa Katwe na kibanio kimefunguliwa mezani. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, ncha zake zinagusana na kuachana. Tukaubadilisha. Draiva nikaiandika upya: kimya kifupi ikivumilie, lakini ionyeshe kuwa namba hiyo ni ya zamani; kimya kikizidi, namba ifutike, vibaki vistari vitupu, na kengele ilie. Shangazi akarudi kwenye kiti chake.

Babu aliishi miezi kadhaa zaidi. Mchana mmoja shangazi alisinzia, mkono wa babu ukamtoka. Namba ikashuka, ikafutika, vikabaki vistari, kengele ikalia. Shangazi akashtuka, akainama sikioni kwa baba yake, akamtamkia shahada. Anasema aliiona midomo yake ikifuatisha hadi neno la mwisho, ndipo akakata roho.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu, wewe unayeanza kazi hii. Utakutana na vifaa vibovu maisha yako yote, na vingine hutaweza kuvitupa. Vumilia ubovu wao, hakuna aibu. Lakini panapo kiraka, kama kile changu cha kurudia namba, andika kuwa pana kiraka, kiwekee kikomo, na bado ukautafute ule waya. Na usimpe mtu aliye mbali namba isiyo na mtu nyuma yake, maana ataiamini, na hatainuka.

Mungu akubarikie macho na vidole vyako, akupe subira ya bisibisi niliyoikosa mimi. Na siku yako ikifika, baada ya umri mrefu, akujalie kiganja chenye joto juu ya kifundo cha mkono wako.