Moyo Uliovaa Kanzu ya Idi

Juma lililopita nilikwenda kliniki Malindi kupimwa presha. Ya kwangu ni nzuri mno, hata wauguzi huitana waje kuitazama.

Mbele yangu alikaa, pamoja na mkewe, mzee mchota chumvi wa Marereni aliyenusurika mshtuko wa moyo. Mzee alikuwa akirudisha kijimashine chenye nyaya za kubandikwa kifuani, alichopewa akivae mchana na usiku kiandike mapigo yote. Kwa maandishi hayo daktari angejua kama moyo ule utamsaliti tena.

Daktari akaitazama michoro, akavua miwani. "Mzee wangu, jana ulifanya nini?"

"Nililala kutwa."

"Si nilikuambia uishi kama kawaida?"

"Mashine ya watu, mwanangu. Niitie jasho?"

Mkewe akadakia: "Hata kuku alipotaga kitandani hakumfukuza. Sijapata kumwona mpole vile."

"Basi umeniletea moyo uliovaa kanzu ya Idi," daktari akasema. "Mimi nautaka wa kila siku. Huu hauniambii kama uko salama."

Ndivyo tulivyo sisi wapwani. Mgeni akibisha hodi, ugomvi tunaufunika kwa mkeka mpya. Ila mgeni huyu, mashine, alikuja kuutafuta ugomvi wenyewe.

Mzee akabandikwa nyaya upya. Mlangoni mkewe akamwambia, "Twende nyumbani. Yale niliyoyanyamazia jana, leo utayasikia yote."

Mzee akaipapasa ile mashine kiunoni. "Twende," akasema. "Safari hii nina shahidi."