Midomo ya Nta ya Ermelinda

Ermelinda Perpetua Quadros, wa kitongoji cha Zorivaddo kule Goa, ni binti wa Rosario Quadros, aliyepiga ngoma kwenye meli za abiria mpaka akazijua bandari kwa harufu. Na Rosario ni mtoto wa Caetano Quadros, yule ambaye mwaka kengele ya kanisa ilipopasuka alipanda mnarani na tarumbeta yake, akawaita watu misani kwa pumzi zake mwenyewe hadi kengele mpya ilipoletwa. Kwa upande wa mama ni wa Severina, ambaye achari yake ya kamba wa baharini imefika Kuwait. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema Ermelinda kaanguka na mvua. Katoka nyumba yenye mapafu.

Tarumbeta ile ile ya mnarani ndiyo aliyojifunzia. Alipofika miaka kumi na minne ilitoa sauti ya kueleweka, ila meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana kama watu wanaogombea kuonekana kwenye picha ya harusi. Shangazi yake wa Kuwait akasema aachiwe yeye jambo hilo. Binti akapelekwa mjini kwa daktari wa meno, akarudi na vyuma mdomoni, juu na chini, sikukuu ya kanisa ikiwa mlangoni.

Alfajiri ya sikukuu, bendi huzunguka kitongoji kizima kuamsha watu. Ikifika nyumba ya mpulizaji aliyestaafu husimama, na mwenye nyumba, akiwa kizingitini pake, humtaja mmoja wa kumpulizia wito peke yake. Mzee Caetano, ambaye miguu ilikuwa imeshamgomea, miaka yote alimtaja Baltazar, kijana wa muoka mikate. Mwaka ule alikuwa amemwambia mjukuu wake, "Safari hii nitakutaja wewe, ukiniridhisha." Ermelinda alikuwa akiisubiri kauli hiyo tangu utotoni. Ndipo vikaja vyuma.

Siku ya kwanza alipopuliza, midomo ilichanika kwa ndani, akala uji wa wali siku nzima bila hata achari ya mama yake. Baltazar naye hakumwacha apumue.

"Ermelinda, hebu cheka kidogo tuone reli. Treni ya Margao inapita saa ngapi hapo?"

"Inapita ukinyamaza."

Severina alikwenda kwa wauzaji wa nta nje ya kanisa. Mwenye mguu mbovu hununua mguu wa nta akampelekea Bikira Maria, na asiye na mtoto hununua mtoto. Yeye alinunua midomo, myekundu, minene, akaiweka chini ya picha takatifu sebuleni ikingoja siku ya mwisho ya novena, zile sala za siku tisa kabla ya sikukuu. Sasa, daktari alikuwa amempa Ermelinda kipande cha nta laini cha kufunika vile vyuma, nacho kikaisha upesi. Jioni moja, kabla ya novena, alisimama mbele ya picha, akatazama huku na huku, akaiuma ile midomo pembeni. Kipande akakibandika kwenye vyuma, akaenda kanisani kupuliza na bendi.

Katikati ya litania nta ilipata joto, ikateleza, ikaingia kwenye kipulizio. Tarumbeta ililia kama bata aliyekanyagwa, kisha ikanyamaza kabisa. Nje ya kanisa Severina akaingiza kidole, akatoa kitu chekundu.

"Nini hiki?"

"Nta, mama."

"Nta ya wapi?"

Ermelinda akaufunika mdomo kwa kiganja.

"Ermelinda. Umeuma midomo ya Bikira?"

"Ilikuwa haijamfikia, mama."

"Haijamfikia! Hata sahani ya mgeni haionjwi njiani, wewe."

Watu walicheka mpaka getini. Mwalimu Simplicio, kiongozi wa bendi, hakucheka. "Siku ya sikukuu wewe utapiga matoazi," alisema.

"Lakini mwalimu, anayetaja mpulizaji ni mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni babu yako, na masikio anayo. Hatamtaja mtu mwenye nta kooni."

Ermelinda alikwenda moja kwa moja kwa babu yake, akatumaini kupata huruma. Akakosea nyumba.

"Sitakutaja kwa ajili ya damu," alisema Mzee Caetano. "Nikianza mchezo huo, kesho watasema hata mnarani nilipandishwa kwa kujuana. Lete kamba ya nguo."

Akamwagiza aining'inize tarumbeta kwenye boriti ya baraza, usawa wa mdomo. "Mikono nyuma. Haya, puliza."

Kila alipoikandamiza, tarumbeta ilimkimbia kama mbuzi asiyetaka kukamuliwa.

"Unaisukuma," mzee alisema. "Hata mimi nilikuwa naisukuma, meno yakanivumilia. Hayo ya kwako hayavumilii. Ipe hewa, itakuja yenyewe."

Majirani walihamishia viti vyao upande ule wapate kutazama. Siku baada ya siku chombo kikapunguza kuyumba, na mkesha wa sikukuu kikatulia mdomoni pake kikaimba, midomo isitoke hata tone la damu. Ila kiliimba chini tu. Zile noti za juu za wito hazikushikika.

"Juu sifiki, babu."

"Basi usiende. Nani kakwambia alfajiri iko juu? Jua lenyewe linaanzia chini."

Bendi ilipofika, Mzee Caetano alikuwa ameshatolewa na kiti chake mpaka kizingitini. Ermelinda alisimama nyuma na matoazi mikononi, tarumbeta ikining'inia shingoni kwa kamba ile ile ya nguo. Baltazar alishalowanisha midomo.

"Mzee," akauliza Mwalimu Simplicio, "nani aiamshe nyumba hii?"

"Nitataja nikisikia. Ermelinda, noti moja."

Ermelinda alimgeukia Baltazar. "Nishikie matoazi." Akaishika tarumbeta kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba yai, akatoa noti moja, ya chini, safi.

"Huyo," alisema mzee.

Akaupuliza wito wote chini. Kawaida wito ule hupanda kama jogoo. Siku hiyo ulikuja kwa kutambaa, kama harufu ya mkate wa asubuhi, hata mbwa hawakubweka. Severina alisimama na sinia la dengu za kuchemsha, akasahau kuzigawa.

"Wito haukuandikwa hivyo," alisema Mwalimu Simplicio, lakini kofia alikuwa ameshaivua.

"Wala kengele haikuundwa ipasuke," alijibu mzee.

Tangu hapo kwenye mlango ule wito hupulizwa chini. Vyuma vilitoka, noti za juu zikarudi, Mzee Caetano akazikwa kwa wito huo huo, na Ermelinda mwenyewe ndiye anayeongoza bendi. Mwaka jana Baltazar, kichwa kimeshaota upara, alimletea binti yake Zenaida, vyuma vikimeta mdomoni.

"Reli imefika kwangu," alisema.

"Na safari hii hukuuliza treni inapita saa ngapi," alijibu Ermelinda. Akaichukua kamba ya nguo, akamwonyesha binti boriti. Kisha akamwita pembeni.

"Kuna kazi nyingine. Kila mwaka kabla ya novena kwisha, midomo ya nta inakwenda kwa Bikira. Mizima, mpaka madhabahuni. Nimeipeleka mwenyewe tangu mwaka ule nilipomwacha mikono mitupu. Sasa ni kazi yako."

Zenaida alipitisha ulimi juu ya vyuma vyake. "Na mimi nikihitaji nta?"

"Nunua jozi mbili."