Nyumba ya Vioo ya Makambako

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijioni kama nakosea. Mtu akinisalimia mara mbili asubuhi moja, najua ana lake. Kwa hiyo siku mwenye uwanja wa bembea pale Makambako aliposema tukae tujadili mchezo gani wa zamani uondolewe kupisha mpya, machale yalinicheza papo hapo. Tangu lini mwenye mali akawauliza wateja?

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyozoea kukaa matupu yalianza kujaa, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na kila mwenye lori alileta kitu ambacho jirani yake hana. Mwenye uwanja alikuwa msafirishaji, mtu wa kuja kutoka Tanga, wote tukimwita Alhaji. Alikuwa ameagiza vigari vya umeme, vile vya kupanda na kugongana kwa makusudi. Uwanja wake nyuma ya maegesho ya malori ulikuwa na vitu vitatu tu: farasi wa mbao waliozungushwa kwa kusukumwa, bembea za minyororo, na nyumba ya vioo ambayo ukiingia unajiona mnene, mrefu, au huna shingo kabisa. Kimoja kilitakiwa kiondoke.

Aliyesimama mlangoni mwa nyumba ya vioo alikuwa dada yangu. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Mume wake alifariki kule Mlangali, naye akaja kukaa kwangu, binti yao akabaki kwa bibi yake. Wakwe walikuwa wakituma salamu kwamba nyumba yake ipo na shamba lake lipo. Mimi niliona wazi kuwa yule mtoto ni chambo, na kwamba akirudi atarithiwa kama jembe. Nikamwambia, dada, ukiwa na kazi ya mjini hakuna atakayekuita. Nikaenda kwa Alhaji nikamwomba mpaka akachoka kunisikia. Basi wenzangu walipobishana kuhusu michezo, mimi nilijua tunabishania nini. Vioo vikiondoka, dada yangu anarudi Mlangali.

Ubishi wenyewe ulifanyika kwenye benchi langu, pale uwanjani nilipokuwa nikiuza chipsi, Jumapili watu wakishatoka kanisani. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyekuja na basi kutoka Njombe, sweta mbili na koti juu, akiwatetea farasi kana kwamba amewazaa yeye. Wanawe waliwapanda, sasa ilikuwa zamu ya wajukuu. Fundi wa malori alikuwa upande wa bembea.

"Ukiwa juu kule unaliona treni linaingia stesheni," alisema. "Kwenye vioo unaona nini? Kitambi chako."

"Lakini nani anatoka mle bila kucheka?" nikamwuliza.

"Mke wangu. Alitoka analia."

Watu wakacheka, nami nikakasirika. Jumapili iliyofuata kukawa na maneno mapya, kwamba mjamzito akijitazama mle atazaa mtoto mwenye kichwa kirefu. Maneno kama hayo hayaoti yenyewe. Kuna mtu alikuwa akiyapika, na nilianza kumtafuta.

Sikumtafuta sana. Kulikuwa na mwanaume mmoja aliyeleta maharage kutoka Mlangali. Kiswahili chake kilikuwa na Kipangwa cha kwao ndani, na hakupanda mchezo wowote. Alikaa mwisho wa benchi, akanywa chai polepole, kisha akasema kwa upole, "Mimi naona ile nyumba ya vioo imechoka. Ingepumzishwa."

"Uliingia lini?"

"Sijaingia, dada."

"Sasa uchovu wake umeuonea wapi?"

Akarudi kwenye chai yake. Jioni nilimwuliza dada kama anamfahamu. Akasema ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, amekuja kuuza maharage tu, nisimjali. Nikamjali zaidi. Kesho yake nilihamisha jiko langu ili nikikaanga viazi niwe naona mlango wa vioo na benchi kwa pamoja.

Kisha Alhaji akaita watu wote, akatoa pilau. Sufuria kubwa, nyama ya kutosha, kachumbari pembeni. Tulikula, kila mmoja akasema mchezo anaoupenda, naye akasikiliza akiwa amefumba macho. Mwisho akasema, "Nimewasikia. Mengine nikirudi." Alfajiri akaondoka kwenda Dar kuchukua vigari vyake.

Hapo inabidi mtu aelewe watu wetu wa nyanda hizi. Kwetu, mtu akiita majirani akawapikia, ana shamba la kulimwa au nyumba ya kuezekwa. Hakuna anayelishwa bure, na ukila ukaondoka bila kushika kitu utasemwa mpaka kwenye misiba. Wakati naosha sahani nilimsikia fundi akimwuliza mwalimu, "Sasa kazi yenyewe ni ipi?" Niliona ni swali la haki. Mimi mwenyewe nilikula ile pilau nikijua kuna kitu nyuma yake.

Asubuhi ile Alhaji alipoondoka, nami nikaenda Njombe kununua viazi. Niliporudi jioni, upepo wa Makambako ulikuwa unapita mahali palipokuwa na nyumba ya vioo. Mbao zilipangwa vizuri kwa urefu. Vioo vilifungwa kwa mablanketi, na misumari ilikuwa ndani ya kopo. Kazi safi kabisa, na waliofanya walikuwa wamekaa kwenye benchi langu wakijifuta jasho.

"Nani kawatuma?" niliuliza.

"Tulikula, dada," fundi akasema, akishangaa swali langu.

"Nani aling'oa msumari wa kwanza?"

Mwalimu akaniagiza chai. Fundi akasema walikuwa wengi. Yule wa Mlangali hakuwepo, na kwangu hiyo ilitosha. Nilikaa usiku ule nikipanga nitakavyomshtaki kwa Alhaji, neno kwa neno, na dada akaniambia nilale.

Alhaji aliporudi alizizunguka zile mbao akihesabu vioo. Nikamweleza habari ya wapika majungu na mtu wa maharage. Hakuielewa hata nusu.

"Nilitoa sadaka," alisema. "Mtu unaanza jambo jipya, unalisha watu, wanakuombea dua. Nani alitaja kazi?"

"Kwetu chakula ndicho kinachotaja, Mzee."

"Na mimi nilishaamua bembea ndizo zitoke. Minyororo imeliwa na kutu." Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwambie dada yako vioo vitasimama tena wiki hii. Kazi yake ipo."

Sijawahi kupita soko lile kwa mwendo kama ule. Nilimkuta dada ameketi kitandani, kitanda tulicholala wote wawili, nguo zake zimefungwa kwenye kanga. Shemeji alikuwa nje, amesimama na baiskeli. Nikamwambia habari njema, vioo vinarudi, hakuna wa kukuita tena. Hakufurahi. Alivuta fundo la kanga likakaza.

"Msumari wa kwanza niliung'oa mimi," alisema. "Walikuwa wamesimama na nyundo hawajui waanzie wapi."

Nilikosa pa kukaa.

"Mwanangu yuko kule, mdogo wangu. Shemeji ana mke wake na watoto wake, hanitaki mimi. Kila akija na maharage ananiletea habari za mtoto. Mara ya mwisho ameniambia mtoto amesahau sura yangu."

"Si ungeacha kazi tu?"

"Ulinyenyekea kwa Alhaji kwa ajili yangu. Ningeachaje? Nilitaka iishe yenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema wakwe wamenituma."

Akaniangalia, akingoja nikatae. Ilimuuma kungoja, niliona. Nami nilikuwa na maneno mdomoni, lakini ninayoyakumbuka mpaka leo ni yale niliyokuwa nikiyawaza wakati ule ule dada yangu ananitazama: nani kamfundisha kuongea hivi?