Kumpokea Mtoto wa Mdogo Wangu

Nyumba yangu ya Nyakitonto imeezekwa bati, na juu ya bati kuna nyasi. Wapita njia wakiiona hucheka. "Wenzenu wanang'oa nyasi waweke bati, nyie mmeweka bati mkalivika kofia!" Aliyelivika kofia ni mdogo wangu. Mvua za huku juu zikianguka kwenye bati, kwangu si sauti, ni kipigo. Nilikuwa nakaa chini ya meza nimeziba masikio mpaka ikatike. Siku moja alirudi kutoka bondeni na mzigo wa nyasi kichwani, akapanda, akazipanga na kuzifunga kwa kamba za mgomba, bila kuniuliza kitu. Mvua iliyofuata ilikuja kama mtu anayenong'ona.

Nyasi hizo sasa zimeanza kuoza. Wapo vijana kijijini wanaoweza kuweka mpya. Sijawaita.

Wazazi wetu walikufa wakifuatana. Mimi ni wa kwanza, yeye ni wa mwisho, na wa katikati hawakukua. Niliacha shule ya msingi kabla ya kumaliza, nikashika jembe ili yeye asome. Kuliacha darasa lenyewe hakukuniuma sana, maana kelele zake zilikuwa zinanimaliza, lakini vitabu ninavitamani hadi leo. Nilimlea, na yeye tangu alipoanza kusema akanilea kwa namna yake. Njiani alitangulia mbele. Mgeni akija nyumbani yeye ndiye alitoka kwanza, akaongea, akachekesha, mpaka mimi nikapata pumzi ya kutokeza mlangoni.

Kusalimia tu ndiko hakukunishinda. Kwetu Uha salamu si jambo la kupita. Unasimama, unainama kidogo, unapiga makofi ya taratibu, "Mwakeye, mwakeye," unauliza nyumba, watoto, mifugo na shamba, na mwenzako anapiga makofi yake akijibu. Watumishi wanaohamishiwa huku kutoka mikoa mingine hushangaa. Wanasema Waha tunasalimiana mpaka ugali unapoa. Vijana nao wanaanza kuacha, wanarusha "mambo" na kupita. Mimi siachi. Makofi yana mwendo wake, yanaipa mikono yangu kazi, macho yanaruhusiwa kuangalia chini, na hakuna anayemgusa mwenziwe. Kama ningeambiwa nitunge salamu ya watu kama mimi, nisingepata nyingine bora.

Neno la watu kama mimi nilipewa na jirani yangu, mwalimu aliyeletwa kwetu kutoka mkoa wa mbali. Ana binti asiyeongea. Tulikuwa uani kwake tunachambua maharage, binti akawa anayapanga kwa rangi, ya madoa huku, mekundu kule, na kumbe upande wangu nami nilikuwa nayapanga vilevile. Mwalimu akatuangalia, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Dada, wewe umewahi kupimwa?"

"Malaria?"

"Hapana, si malaria."

Akaniambia habari za usonji alio nao binti yake. Baadaye alinipeleka kwa daktari aliyekuwa akimwona binti yake mjini Kasulu. Daktari aliniuliza maswali mengi ya utotoni, akasema ndivyo nilivyo, kwamba si ugonjwa wa kuponywa wala si uchawi, ni namna nilivyoumbwa. Nilitoka pale nikimtamani mama kuliko siku zote tangu tumzike. Nilitaka nimwambie yeye kwanza.

Neno halikunibadilisha, ila liliniruhusu kujipangia maisha bila aibu. Nikipeleka maharage sokoni ninafika kabla watu hawajajaa, ninakaa pembeni, mgongo ukutani. Ninafunga kanga kichwani kwa nguvu, na chini yake nimeweka pamba masikioni. Kanisani ninakaa nje chini ya dirisha, ninasikia mahubiri yote na ngoma kidogo. Simu za kuongea sizipendi, ninatuma ujumbe. Nikijua nitakutana na mtu, ninayasema maneno yangu njiani kabla, peke yangu, kama mtu anayejifunza ngonjera. Yote haya ninayaweza. Nisichokiweza ni mikono ya mtu kunijia bila habari.

Mdogo wangu alitoka nyumbani kwenda kutafuta kibarua Mtendeli, kambi ya wakimbizi ilipokuwa bado ina watu. Ilipofungwa akahamia Kibondo, akawa fundi pikipiki, na huko akapata mchumba. Wazazi wa msichana walivuka kutoka Burundi zamani, wakalima, wakafanya biashara, wakapewa uraia. Nilifurahi kwa moyo wote. Nilikwenda harusini na pamba zangu na maneno yangu niliyoyapanga.

Watu wale wanasalimiana kwa kukumbatiana. Si kugusana tu. Wanakushika mabega, wanakuweka kifuani, upande huu, upande ule, na hawakuachii mpaka wamalize kukuuliza habari. Nilikuwa ninajua jambo hilo kama mtu anavyojua kwamba mto una maji kabla hajatumbukia. Mama yake bi harusi alinifungulia mikono mbele ya watu wote, na mwili wangu ukaruka nyuma kabla sijauambia chochote. Nikagonga meza ya soda. Baadaye nikaletewa sahani ambayo kila kitu kimemwagiwa mchuzi wa dagaa, nikaiweka chini ya kiti. Nilijua nimefanya vibaya, ila sikujua wao wameona nini.

Tangu hapo mdogo wangu akapungua. Alituma salamu, alituma sukari, lakini yeye hakuja, na mimi sikuitwa. Kisha ujumbe ukaja kwamba amepata mtoto wa kike. Kwetu mtoto anapotolewa nje mara ya kwanza, shangazi yake ndiye anayesimama mlangoni kumpokea. Asipokuwepo, mtoto anatoka vilevile, lakini watu wanauliza. Na mtoto huyu shangazi ni mimi tu, hakuna mwingine chini ya jua. Nikamwandikia kwamba nitakuja kumpokea. Jibu halikuja. Ilipofika jioni akapiga simu, yeye anayejua kwamba simu sizipendi.

"Dada, subiri kwanza. Mambo ya huku yatulie."

"Mambo gani?"

"Mama mkwe." Akashusha sauti. "Anasema huwezi kumshika mjukuu wa wakimbizi, kwa sababu harusini ulikataa kushikwa na yeye mwenyewe. Anasema hata chakula chao uliweka chini kama cha mbwa."

Nilibaki na simu mkononi mpaka ikakatika. Nilikuwa nimewahi kuitwa mkaidi, bubu, mwenye kiburi, mwenye jini, na yote nilishayazoea. Hili sikuwa nimewahi kulifikiria. Yule mama alikuwa ameishi miaka yote hiyo akiwaona watu wakimkwepa, nami nikamkwepa, basi akanihesabu pamoja nao. Angefanyaje? Mimi kwangu nilikwepa mikono. Yeye kwake nilimkwepa yeye.

Nikamwandikia mdogo wangu kwamba siku ya kumtoa mtoto nitakuwepo. Akajibu, "Sawa dada." Sikuweza kujua hiyo sawa ina furaha au hofu.

Nilipanda basi la alfajiri kutoka Kasulu, nikakaa mbele dirishani, nikayasema maneno yangu mpaka Kibondo. Nilikuwa nimeyapanga vizuri: kwanza shukrani, kisha habari za usonji kama daktari alivyozisema, kisha kuomba radhi. Nilipofika nyumbani kwao watu walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka. Mdogo wangu alisimama, akataka kutangulia mbele kama zamani. Nikamwonyesha kwa mkono akae.

Mama mkwe wake alitoka ndani. Safari hii hakufungua mikono. Aliikunja kifuani, akaifunga kabisa, nipate kuona. Nikasimama mbali kidogo, nikainama, nikapiga makofi. "Mwakeye, mama. Mwakeye." Hakujibu. Nikaendelea kupiga.

"Yemwe!" akawaita watu wake. "Huyu ametoka Kasulu kuja kufukuza kuku wangu?"

Watu wakacheka. Maneno yote niliyoyapanga kwenye basi yakatoweka, shukrani, daktari, yote. Likabaki moja ambalo halikuwa kwenye mpango.

"Mama, hata mama yangu mzazi sikuweza kumkumbatia. Hata alipokuwa anakufa."

Kicheko kikakatika. Yule mama akanitazama, mimi nikatazama miguu yake.

"Hata alipokuwa anakufa?"

"Ego," nikakubali.

"Sasa ulifanya nini?"

"Nilifua. Nilifua nguo zake zote, hata zilizokuwa safi."

Akaikunjua mikono aliyoifunga kifuani. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani yake wa siku zote. "Mimi hapa nimeitwa mkimbizi na watoto niliowapa ndizi kwa mkono wangu. Mtu akirudi nyuma nikimfungulia mikono, maana yake naijua. Nilidhani naijua." Akageuka kwa binti yake, wifi yangu. "Mlete mtoto. Huyu ndiye shangazi, tutampata wapi mwingine?"

Wifi akaja mlangoni na mtoto amefunikwa. Kwa desturi anapokelewa mikononi, uso kwa uso. Nikaona ule uso mdogo unaojikunja kutaka kulia, nikajua mikono yangu haitaweza.

"Nipeni mgongoni," nikasema.

Wanawake wakanong'ona. Mama mmoja akasema mtoto hapokelewi kwa kisogo. Mama mkwe akamjibu, "Kwani kisogo si cha shangazi?" Akachukua mbeleko mwenyewe. Akamweka mtoto, akaivuta na kuifunga kwa ncha, vidole vyake vikikwepa mwili wangu kama vya mtu anayeepua chungu. "Nikaze?" akauliza.

"Kaza, mama."

Akakaza. Mtoto akalia karibu kabisa na sikio langu, kilio cha kupasua, na pamba hazikusaidia kitu. Lakini uzito wake ulikuwa mmoja, umetulia, haukunipapasa wala kunishtua. Nikatoka naye juani, nikazunguka uani nikimtikisa kwa mwendo uleule, mpaka nikahisi shavu lake limelegea katikati ya mabega yangu. Mdogo wangu alikuwa amegeukia ukuta. Alijifanya anatengeneza kigingi cha kamba ya nguo.

Chakula kilipoletwa niliuliza mapema, kwa sababu nimejifunza kwamba kuuliza ni heshima kuliko kuacha chakula. "Mama, naomba ugali ukae peke yake, na maharage peke yake."

"Visigusane?"

"Visigusane."

Mama akaangua kicheko mpaka akashika ubavu. "Kumbe hata chakula chako hakikumbatiani! Na mimi nilidhani ni sisi tu!" Tukacheka wote, na mimi pia, ingawa nilichelewa kidogo. Nilikula sahani zote mbili nikamaliza. Kabla sijaondoka akaniuliza kama nitakuja wakati wa kuvuna, mtoto atakuwa ameanza kukaa. Nikasema nitakuja. Akasema, "Basi uje. Makofi yako tutayajibu, hata kuku watazoea."

Mdogo wangu alinisindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa na swali ambalo sikuwa nimelipanga popote.

"Mtarudi Nyakitonto?"

"Sidhani, dada. Kazi iko huku. Na wao wako huku."

Nilikuwa nimeshalijua jibu, lakini kulijua hakukulifanya jepesi. Nilikuja kuomba nafasi kwa mtoto wake na nilikuwa nimeipata, damu yangu ilikuwa imelala mgongoni kwangu, na bado nilimtaka mdogo wangu mwenyewe, njiani, hatua chache mbele yangu, akiongea na kila mtu. Watu hudhani asiyependa kushikwa hana hamu na watu. Hamu ninayo. Inakosa tu pa kutokea.

Basi likaonekana juu ya kilima. Amekaa na watu wale siku nyingi, ameiga salamu yao, na mikono yake ikainuka kuja mabegani kwangu, ikakumbuka, ikasimama hewani. Akaicheka mwenyewe, akaishusha. Nikashika ncha ya mkono wa shati lake, kitambaa tu, chenye harufu ya oili ya pikipiki, nikaishika mpaka kondakta aliposema, "Mama, unapanda au unabaki na huyo?"