Salamu ya Pili

Majuzi pale Mhunze foleni ya mzani wa pamba ilikuwa ndefu, na mzee mmoja alikuwa akiipitia mtu mmoja mmoja. "Mwangaluka," anasema, anakushika mkono, anasubiri umwitikie, ndipo anasogea kwa mwingine. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, akaanza upya.

"Baba, mbona umeshanisalimia?" nikamwambia.

"Najua, mwanangu. Niitikie tu."

Nikamwitikia. Mama aliyekalia gunia nyuma yangu akaninong'oneza kwamba mzee huyo hakwenda kuchimba kaburi la jirani yake, kijiji kikamtenga. Msimu mzima hakuna aliyemwitikia salamu wala kumpa kaa la moto. "Jana kachinja ng'ombe wa faini, tumekula, yamekwisha."

Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, ana jela na askari, lakini sijaona mfungwa wake aliyetoka na njaa ya namna ile.

Nikapanda lori kurudi Shinyanga mjini, nilikopanga chumba. Hapa sijamkosea mtu, wala hakuna kikao kilichonihukumu. Leo ni siku ya nne, na salamu ya mwisho niliyopewa ni ile ya pili ya yule mzee.