Kaske ya Nyuma

Yule anayefundisha vijana pikipiki kwenye uwanja wa mpira hapa mjini Baraka hubeba kaske mbili, kofia ngumu za pikipiki: moja kichwani, nyingine ya abiria, ameifunga kwa ukanda wa mpira kwenye kiti cha nyuma. Mwanafunzi hawashi mashine kabla yeye hajapitisha vidole viwili chini ya mkanda wa kidevu. Kisha anatazama miguu. Aliyekuja na kandambili anarudishwa nyumbani akavae viatu vya kufunga. "Mu mutihani ya permi ya kuendesha batakuuliza alama za barabara," anasema, sauti imekauka kwa vumbi. "Njia ya Misisi, ile itauliza ngozi yako." Vijana wanacheka, wanafaulu, na muda si mrefu wanampita vichwa wazi, wamepakia bamama wawili wawili. Yeye hapakii asiyevaa kaske, na bamama hawataki kuvaa kitu kilichotoka kichwani mwa mtu mwingine. Basi anarudi nyumbani peke yake. Jana alinipita nikitembea kwa miguu, akafika kwenye mashimo ya karibu na soko. Akapunguza mwendo, akageuza shingo kidogo kuelekea ile kaske tupu.

"Shika muzuri, mama," akasema. "Tunashuka polepole."