Kitabu ya Yaya Anastasie

Mweye batu ba miaka yangu, nani alishaka kuona mutoto anaonea kitabu jaluzi, wivu ya kweli, mupaka anashindwa kula bukari, ugali yetu? Ule mutoto ni mi.

Wakati yetu kule Kapata, kambi ya batu ba mine, manyumba ya kampani yalikuwa sura moja yote. Unaingia kwa jirani, unakula, ndani ya kula njo unajua umepotea. Tulikuwa tunaruka kamba mu bulongo nyekundu paka miguu yote inafanana. Baba, mutu wa Kasai, alikuwa anatumika mu mine. Alisema: "Mumoja atasoma, mumoja atabeba posho." Yaya Anastasie, dada mukubwa wangu, akapata kusoma. Mi nikapata mufuko na mulolongo ya posho.

Ku misioni kulikuwa masere mumoja, mutawa mwanamuke, luga ya mama yake alemani, ya Wajerumani. Alikuwa na kitabu kidogo ya mapicha, ya batu benye kuanza kusoma. Juu ya kukosa mutu wa kusema naye ile luga, akafundisha Yaya. Yaya anarudia ku nyumba anatembea pole, sawa mutu anaogopa kuharibu pasi ya kanzu. "Dasi isiti aini hausi," anatuambia, ni kusema hii ni nyumba. Ungesema siye hatuyaona nyumba hata siku moja.

Jaluzi ikanishika. Nikaficha kitabu mu mufuko ya bunga. Mama anatia mukono mule juu ya kupika bukari, anatosha kitabu, imekuwa nyeupe pe. Baba hakunipiga. Alisema tu: "Kama unapenda sana kuishika, utaishika."

Toka pale, kila siku kisha saa sita, Yaya anatwanga sombe, majani ya muhogo, mikono yote mbili ku muichi ya kinu. Mi naikala mbele yake, namushikia kitabu wazi ku magoti yangu, maandiko inamuangalia yeye. Yeye anasoma kwa nguvu, mi nafungua ukurasa ingine. Tulitwanga sombe ya musimu muzima. Siku moja nikachukua kitabu mi peke, nikaiweka vile Yaya anaionaka, sijue hata neno. Nikaigeuza kichwa chini, nikaisoma yote, mwanzo paka mwisho.

Yaya alicheka paka muichi ikaanguka. Nikamulomba anipeleke kwa masere, naye aone. Akakatala: "Masere ni wangu." Leo Yaya iko mu kaburi, mi ningali namuonea ile jaluzi.

Batoto ba leo, telefone njo inabasomea, beye balalie mu kiti ya fotei. Mujukuu wangu Nadège anajifunza alemani, kinywa hafungue. Yule pia namuonea jaluzi. Yenga ilipita, juma ile, akaweka kitabu ya kweli ku meza. Mi nikaikala ngambo yake, nikasoma: "Deri hundi shilefuti. Mbwa inalala."

Akaniangalia. Akataka kunigeuzia kitabu juu ya kunisaidia. Nikamwambia, mama, rudisha vile ilikuwa. Nikamupasulia habari yote, sombe, masere, yote. Alianza kucheka, akaacha.

"Nkambo," akasema, "kila siku mi nitaikala huku, weye kule. Kitabu sitaigeuza. Na kwa mwalimu wangu, nitakupeleka akusikie."